Maswali ya Wasomaji: Malwina, stroberi inayoiva wenzake wakiwa wamemaliza

Mwezi huu barua zimeelemea upande mmoja: stroberi za mwisho wa msimu, na hasa aina ya Malwina. Wengi wa walioandika wanalima Ulaya ya kaskazini na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mmoja yuko Njombe. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nimekodi shamba dogo na kuuza stroberi mlangoni. Nina Elsanta na Sonata, na mwanzoni mwa Julai huwa zimekwisha huku wateja bado wanakuja. Muuza miche ananishauri Malwina. Inachelewa kiasi gani kweli, na ni tunda la namna gani?
*M.K., Niedersachsen, Ujerumani*

Malwina ni kazi ya mzalishaji wa Kijerumani, Peter Stoppel, na kati ya stroberi za msimu mmoja (zinazozaa mara moja kwa mwaka) zinazolimwa kibiashara ni miongoni mwa zinazochelewa kuliko zote. Hesabu wiki 2 na nusu hadi 3 baada ya Elsanta. Elsanta yako ikianza kuiva katikati ya Juni, Malwina itegemee mwanzoni mwa Julai, na uchumaji uendelee kwa wiki 3 hivi kama joto halikuzidi. Katikati hapo mavuno ya shamba lako yatakuwa membamba, kwa hiyo ukiwa na nafasi panda pia mistari michache ya Florence, aina ya Kiingereza inayoiva kabla ya Malwina na baada ya Elsanta. Mteja akikuta meza tupu siku 5 hatarudi ya 6 kuuliza.

Tunda lenyewe ni kubwa, lina umbo la moyo, linang'aa, na wekundu wake umeingia hadi ndani. Ladha ni nzito, utamu na uchachu pamoja, na harufu inasikika. Ngozi ni imara na haiharibiwi upesi na mvua ya kawaida. Shida yake sokoni ni rangi. Malwina iliyoiva sawasawa ni nyekundu ya kukoza, na ukiichelewesha siku 2 inakaribia damu ya mzee. Mteja aliyezoea Elsanta nyekundu ya mwanga ataidhani imeshaoza. Ichume pale bega la tunda, chini kidogo ya kikonyo, linapomaliza weupe wake. Usingoje ikoze zaidi. Na mwonjeshe mteja. Hakuna maelezo yanayoshinda tunda moja mdomoni.

Jambo la kulielewa kabla ya yote ni sababu ya uchelewaji. Tunda la Malwina haliivi polepole. Linalochelewa ni ua. Tangu ua lifunguke hadi tunda liive ni takriban mwezi mmoja, kama aina nyingine, ila Malwina hufungua maua yake wakati Elsanta tayari ina matunda mabichi. Karibu kila uzuri na kila tabu ya aina hii inatoka hapo. Faida ya kwanza ni jalidi. Ua la stroberi lililofunguka hufa joto likishuka kiasi cha nyuzi 1 chini ya sifuri: petali hubaki nyeupe na nzuri, lakini kitovu cha manjano katikati kinageuka cheusi, na hapo hakuna tunda. Wakulima wa kwenu huhesabu siku za "Watakatifu wa barafu", tarehe 11 hadi 15 Mei, kuwa mwisho wa hatari hiyo, na Malwina kwa kawaida huchanua baada yake. Hasara ni kwamba ua lililokwepa baridi linakutana na joto na wadudu wa Juni na Julai. Hayo yanafuata katika majibu ya chini.

Kuhusu udongo: Elsanta ni dhaifu sana mbele ya mnyauko wa vetisilia, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, na Malwina inauhimili vizuri zaidi. Kuhimili si kinga. Usiipande mahali palipokuwa na viazi, nyanya au stroberi nyingine miaka ya karibuni.

Sisi ni familia kutoka Kongo, tunalima robo ekari. Tunataka kuanza Malwina mwaka ujao. Tuelezeni hatua, idadi ya miche na mbolea.
*Familia ya B., kusini mwa Maine, Marekani*

Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Malwina ni mche mpana wenye majani mengi, kwa hiyo usiibane: mistari iachane mita 1 na miche sentimita 33. Hiyo ni miche 3 kwa kila mita ya mstari, yaani 3,000 kwa eneo lenu, na nafasi ya kugeuzia mkokoteni vichwani itawapa miche michache ya akiba. Wanaopanda kwa sentimita 25 kama wafanyavyo kwa aina ndogo hujuta mwaka wa pili, majani yanapofunikana na hewa haipiti.

Vuli inayotangulia, pimeni udongo. Stroberi inataka pH kati ya 5.8 na 6.5. Chokaa hufanya kazi polepole, ndiyo maana huwekwa msimu mmoja kabla. Palipo na maji yanayotuama inueni matuta ya sentimita 15 hadi 20.

Pandeni mara udongo unapokauka kiasi cha kufanyiwa kazi, mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei. Miche ya kupanda wakati huo huuzwa ikiwa imelala, bila majani, mizizi mitupu, imetoka kwenye chumba cha baridi. Ikifika msiiache juani hata dakika 10. Loweka mizizi kwa nusu saa, kata iliyozidi sentimita 12, chimba ufa wima kwa koleo, teremsha mizizi ikiwa imenyooka, kisha kandamiza kwa kisigino. Mizizi iliyokunjwa kama ndoana haishuki chini na mche hudumaa msimu mzima. Kitovu cha mche, yaani kile kisiki kifupi yanakochomoza majani, kiwe usawa wa udongo: nusu ndani, nusu nje. Kikizikwa kinaoza. Kikiachwa juu, mizizi ya mwanzo inakauka. Vuta jani moja kwa nguvu kidogo; likikatika mkononi na mche umebaki ardhini, umekandamiza vizuri. Mche ukitoka wote, rudia.

Mwagilieni siku hiyohiyo. Baada ya hapo mche unahitaji milimita 25 za maji kwa wiki, mvua ikiwemo, na zaidi matunda yanapojaa. Kwa eneo lenu lote milimita 25 ni lita 25,000; mkitumia mipira ya matone inayolowesha mstari tu, nusu yake hutosha.

Mwaka wa kupanda ng'oeni maua yote. Inauma, tunajua, hasa kwa aina iliyonunuliwa ghali. Lakini Malwina hujenga vitovu vyake taratibu, na ua moja lililoachwa mwaka wa kwanza linakula nguvu ya mashada ya mwaka wa pili.

Mbolea: mwezi mmoja baada ya kupanda wekeni kilo 7.5 za yurea ya asilimia 46 kwa robo ekari nzima, ambayo ni kama kilo 3.5 za naitrojeni. Iingie udongoni kwa maji mara moja, isikae juu ya majani. Mwishoni mwa Agosti wekeni nusu ya hiyo. Majira ya kuchipua ya mwaka wa mavuno msiweke naitrojeni kabisa, isipokuwa majani yawe ya manjano kweli. Hapa ndipo wengi hukosea. Malwina ina tabia ya kutupa majani makubwa, na maua yake hukaa chini ya majani hayo. Ukiilisha zaidi unapata msitu wa kijani wenye unyevunyevu chini, na ukungu wa kijivu unaanzia humo.

Kwa baridi ya Maine, funikeni mistari kwa mabua ya ngano, unene wa sentimita 7 hadi 10, katikati au mwishoni mwa Novemba, baada ya mche kulala. Kitovu kisichofunikwa huanza kuumia joto likifika kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Mkifunika mapema, mche bado ukiwa na joto, unaoza. Aprili, majani mapya yakianza kuchungulia yakiwa na rangi ya manjano, sogezeni mabua njiani kati ya mistari yabaki hapo. Vikonyo vya Malwina huelemewa na matunda na kulala chini. Bila mabua matunda yatalala udongoni.

Nilipanda Malwina mwisho wa Agosti kama ninavyofanya kwa aina nyingine. Msimu uliofuata kila mche ulinipa matunda machache tu. Je, miche ilikuwa mibovu?
*S.A., Limburg, Uholanzi*

Inawezekana miche ilikuwa mizima kabisa. Matumba ya maua ya mwaka ujao huumbwa ndani ya kitovu wakati wa vuli, siku zinapopungua chini ya saa 14 hivi na hali ya hewa inapopoa. Mche uliopandwa mwisho wa Agosti unaingia kipindi hicho ukiwa na kitovu kimoja chembamba, na kitovu kimoja kinatoa shada moja au mawili. Aina zinazokua haraka hujikomboa kwa Septemba yenye joto. Malwina haiwahi. Ukipanda miche ya vyunguni, iwe ardhini mwishoni mwa Julai au siku za kwanza za Agosti. La sivyo tumia miche ya chumba cha baridi, panda Aprili au Mei, na ukubali kupoteza mwaka mmoja. Usiing'oe uliyonayo: mwaka wa pili wa mavuno ndio Malwina huonyesha uwezo wake.

Naona matumba ya maua yananing'inia kwa uzi, mengine yameanguka. Elsanta hapo pembeni iliathirika kidogo tu. Ni mdudu gani?
*Msomaji, Denmark*

Ni fukusi wa maua ya stroberi. Ni mweusi, ana pua ndefu, urefu wake ni milimita 2 hadi 4. Jike hutoboa tumba ambalo halijafunguka, hutaga yai moja ndani, kisha hushuka milimita chache na kukitafuna kikonyo nusu. Tumba hunyauka likining'inia na buu hukulia humo. Huko Amerika ya Kaskazini yupo ndugu yake mwenye tabia ileile.

Malwina hupigwa zaidi kwa sababu ya ratiba yake. Fukusi wanapozidi kuamka na joto kupanda, Elsanta imeshafungua maua na haina tena matumba ya kutagia. Malwina ndiyo meza iliyobaki. Kagua kila baada ya siku 2 au 3 tangu matumba yachomoze, ukianzia pembeni mwa shamba, upande wa kichaka au msitu, maana huingilia huko. Kipimo kinachotumiwa sana Marekani ni matumba 2 yaliyokatwa kwa kila mita ya mstari. Chini ya hapo mche hufidia wenyewe kwa kukuza matunda yaliyobaki. Ukizidi, tumia dawa iliyosajiliwa kwa stroberi nchini kwako, na jioni nyuki wakisharudi mizingani. Maua yakifunguka, umechelewa kupiga.

Matunda mengine yana rangi ya shaba na ngozi ngumu, mengine ncha yake imefinyana. Na mwishoni mwa Julai nilikuta funza weupe. Nipulizie nini?
*T.N., Vermont, Marekani*

Usipulizie kitu kabla ya kutofautisha, kwa kuwa hayo ni mambo matatu.

Rangi ya shaba ni kazi ya thripsi, wadudu wadogo mno. Kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe. Utaona vijiti vya manjano au kahawia vya milimita 1 vikikimbia. Hukwaruza ngozi ya tunda likiwa bado dogo, na wakati wa joto kavu wanaongezeka haraka. Ukisubiri tunda lionyeshe shaba, madhara yalishafanyika mwezi uliopita, kwa hiyo kung'uta maua ya mwanzo kabisa.

Ncha iliyofinyana ina wahusika wawili. Tazama mbegu ndogo zilizo juu ya tunda. Zikiwa zimesongamana nchani lakini zote zina ukubwa uleule, ni kunguni wa mimea aliyefyonza tunda changa. Zikiwa nyingine kubwa na nyingine ndogo kavu, ua halikuchavushwa vizuri, na dawa itakuongezea shida kwa kuua nyuki. Kunguni huyo hukaa kwenye magugu yenye maua na kwenye nyasi za mifugo. Usizifyeke za jirani Malwina inapochanua, utamfukuzia kwako.

Funza weupe ni wa inzi mdogo wa matunda mwenye madoa mbawani, aliyetokea Asia na kuonekana Marekani bara na Ulaya mwaka 2008. Stroberi za Juni humkwepa kwa kuwa idadi yake bado ni ndogo. Malwina inaiva wakati anazaana. Tofauti na inzi wa kawaida, yeye hutoboa tunda zima likiwa bado kwenye mche. Chuma kila baada ya siku 2 bila kukosa, na usiache hata tunda moja lililoiva au kuoza njiani. Yaliyoharibika yafungie kwenye mfuko wa plastiki unaobana, uuweke juani siku kadhaa. Yaliyo mazuri yaingie kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 2 ndani ya saa 1 au 2. Kujipima: changanya vijiko vikubwa 4 vya chumvi katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, tumbukiza matunda 20 au 30 yaliyofinywa kidogo, ngoja dakika 15 hadi 30. Funza wakiwemo watatoka na kuelea. Afadhali uwaone wewe kuliko mteja.

Mwaka jana joto lilipita nyuzi 33 na matunda ya juu yakawa kama yamechemshwa. Je, Malwina haifai kwetu?
*Msomaji, Rheinland, Ujerumani*

Inafaa, ila joto ndilo adui wake mkubwa. Tunda lililo juani siku kama hiyo hupata moto kuliko hewa, na upande ulioelekea jua unafifia, unalainika. Majani yake mengi ni kivuli kizuri, hivyo usiyapunguze kabla ya mavuno. Maji yasikatike siku za moto. Ukiwa na vinyunyizi vya juu, virushe kwa muda mfupi adhuhuri, matunda yapoe na yakauke kabla ya jioni. Anza kuchuma alfajiri. Na fahamu kwamba joto linaubana msimu: wiki 3 zinaweza kuwa 2, na matunda ya mwisho huwa madogo na meusi.

Kwa mwenye ukungu wa kijivu (barua tatu zimeuliza): huingia kwenye ua na kukaa kimya hadi tunda liive. Kinga ni wakati maua yanapoanza kufunguka na tena yanapojaa, kwa maji mengi, lita 1,000 au zaidi kwa hekta, na pua za bomba zinazofikisha dawa chini ya majani. Ukipuliza juu tu, umeosha majani.

Baada ya kuvuna huwa nafyeka majani ya stroberi zote kwa mashine. Na Malwina pia?
*J.W., Schleswig-Holstein, Ujerumani*

Fyeka ndani ya siku 7 tangu siku ya mwisho ya kuchuma, sentimita 4 au 5 juu ya kitovu, kisha mbolea kidogo na maji. Elsanta ina Julai nzima na Agosti kurudisha majani kabla ya kuumba maua. Malwina ina wiki chache tu. Ikiwa umefika katikati ya Agosti hujafyeka, acha. Ondoa majani makuukuu na yenye madoa kwa mkono.

Je, naweza kuichelewesha zaidi?
*Msomaji, Jutland, Denmark*

Unaweza, kwa siku 5 hadi 10, ukifunika mabua juu ya ardhi iliyoganda na kuchelewa kuyaondoa. Mavuno hupungua, na unalisukuma tunda ndani ya kilele cha joto na cha yule inzi. Kwa Malwina hatushauri. Anayetaka stroberi za Agosti na Septemba apande aina zinazozaa mfululizo.

Niko Njombe, kuna baridi. Naweza kuagiza Malwina?
*E.M., Njombe, Tanzania*

Tusingekushauri. Malwina inahitaji miezi ya baridi ya kulala ili iamke na nguvu, na baridi ya Njombe haifiki hapo. Pia, sifa yake ya kuchelewa ina maana penye kiangazi cha saa 16 za mwanga. Kwako mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Msimu wako unaamuliwa na tarehe ya kupanda, mvua na maji ya kumwagilia. Tafuta Chandler au Camarosa, au Albion na San Andreas zisizojali urefu wa siku. Ukitaka matunda wakati wengine hawana, panda kwa awamu na uwe na maji ya kiangazi. Miche ya nje inahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania, kabla haijasafirishwa, na kwa wasomaji wa Kenya ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Malwina hutoa vitawi vinavyotambaa. Naweza kuotesha miche nikawauzia majirani?
*Msomaji, Maine, Marekani*

Usiuze. Ni aina yenye haki ya mzalishaji, na miche huuzwa na vitalu vyenye leseni. Vitawi vinavyovuka mstari vikate kila baada ya wiki 2 au 3, kwa kisu au mkasi, karibu na mche mama. Ukivivuta kwa mkono unaulegeza mche wenyewe.